Kabla hujalipa bei ya oili ya sintetiki, piga hesabu hii

UNAIJUA hii hali. Ni Jumamosi asubuhi, umepeleka gari gereji, boneti iko juu na fundi anapangusa mikono kwa kitambaa cheusi. Kisha anakuuliza, “Boss, leo tuweke gani? Kuna hii ya kawaida na kuna sintetiki.”

Unauliza bei. Ya kawaida ni elfu mbili na kitu. Sintetiki ni elfu tano na kitu. Unakuna kichwa. Ukichukua ya bei nafuu, unahisi umelinyima gari chakula. Ukichukua ile ghali, roho inakuambia umechezwa. Mwishowe unaangalia M-Pesa, unaona salio limebaki kidogo, na salio ndilo linaloamua.

Wengi wetu tunaomiliki gari la kwanza tunaamua hivyo. Gari lenyewe ni Vitz, Demio, Note au Fielder iliyotua Mombasa ikiwa imetumika Japan kwa miaka kadhaa. Pesa zake zimetoka kwa chama, sacco au mkopo wa benki ambao bado unaulipa. Injini ikikufa leo, deni halifi nayo.

Basi swali ni hili: je, oili ya sintetiki inafaa hizo pesa za ziada? Inafaa kwa gari linaloihitaji, na kwa dereva anayeiacha ifanye kazi aliyoilipia. Kwa mwingine yeyote, ni hela zinazomwagwa kila baada ya kilomita 5,000. Twende polepole ili ujue wewe uko upande gani.

Tofauti iko wapi hasa?

Chukua mfano wa mchele. Oili ya kawaida, inayotokana na kusafisha mafuta ghafi, ni kama mchele uliopepetwa. Makapi yametoka, lakini bado kuna chenga, punje ndefu, punje fupi na kijiwe kimoja kimoja. Sintetiki ni mchele uliochambuliwa punje kwa punje hadi zote zikalingana. Chembechembe zake zimeundwa upya kiwandani, au zimechakatwa upya kwa joto na gesi ya haidrojeni, hadi zikawa za aina moja na safi zaidi.

Mchele wa kwanza unapikika na unashibisha. Kadhalika, oili ya kawaida si takataka. Nayo ina dawa za kusafisha injini, kuzuia kutu na kupunguza msuguano wa vyuma. Tofauti inajitokeza mambo yanapokuwa magumu: joto likipanda sana, au oili ikikaa ndani muda mrefu. Ya kawaida huungua na kuzeeka mapema, ikaacha ukoko mweusi unaoziba vijia vya ndani. Sintetiki huvumilia joto, haipotezi uzito wake haraka, na huacha uchafu kidogo.

Hayo si maneno ya muuzaji tu. Mwaka wa 2017, chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kilipima kwenye maabara oili tano za kawaida na tano za sintetiki. Kwa wastani, sintetiki zilifanya vyema kwa asilimia 47 zaidi. AAA ilikadiria kuwa kuhamia sintetiki kungemgharimu dereva wa kawaida wa huko takriban dola 64 zaidi kwa mwaka.

Kwa hivyo ubora wenyewe haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni kama ubora huo unakufikia wewe, unayeendesha gari lako hapa Kenya.

Kuna sababu moja inayotajwa sana ughaibuni ambayo hapa haina uzito. Ile herufi W unayoiona katika 5W-30 au 20W-50 inahusu baridi. Namba iliyo kabla yake inaonyesha oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. Ikiwa ndogo, oili ni nyepesi asubuhi. Oili ya 0W hupimwa kwenye baridi ya nyuzi 35 chini ya sifuri, na 20W kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri. Nairobi ya Julai, hata ukivaa jaketi mbili, haikaribii huko. Muuzaji akikuambia uchukue sintetiki kwa sababu ya baridi, mwulize kama unaishi Rongai au Siberia.

Na lile neno “sintetiki” kwenye mtungi lisikutishe. Kampuni ya Mobil ilianza kuuza Mobil 1 nchini Marekani mwaka wa 1974, na wakati huo neno hilo lilimaanisha oili iliyoundwa kwa kemikali tangu mwanzo. Baadaye Castrol ikaanza kulitumia kwa oili ya mafuta ghafi yaliyochakatwa mno, Mobil ikalalamika, na mwaka wa 1999 chombo cha kusuluhisha mizozo ya matangazo nchini humo kikaona Castrol ilikuwa na msingi wa kufanya hivyo. Tangu hapo, sintetiki nyingi zilizo madukani ni za aina hiyo ya pili. Bado ni nzuri, lakini ujue hilo neno peke yake si kipimo. Vipimo ni namba na herufi zilizo nyuma ya mtungi.

Huenda gari lako lilishaamua

Kabla ya kuingia kwenye bei, fungua boneti uangalie kifuniko cha kumwagia oili. Magari mengi ya Japan yameandikwa hapo hapo: 0W-20, au 5W-30. Kama hakuna maandishi, kitabu cha gari kinasema. Najua kitabu chako kimeandikwa Kijapani. Kielekeze kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri na utapata ukurasa wa oili kwa dakika tano.

Ukiona 0W-20, mjadala umekaribia kuisha. Oili nyepesi kiasi hicho haitengenezeki vizuri kwa mafuta ya kawaida, kwa hivyo mitungi ya 0W-20 utakayopata dukani karibu yote ni ya sintetiki. Demio za injini ya Skyactiv ya petroli na Vitz nyingi za miaka ya karibuni ziko kwenye kundi hili. Vijia vya oili ndani ya injini hizi ni vyembamba, na oili hiyo hiyo ndiyo inayosukuma mfumo wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka. Ukimwaga 20W-50 humo eti kwa sababu “Kenya kuna joto”, gari halitakufa kesho. Ila litakuwa zito, litakunywa petroli zaidi, na asubuhi oili itachelewa kufika juu.

Kuna magari mengine ambayo hayana mjadala kabisa. Kama una gari lenye turbo, tuseme Forester XT au Golf ya TSI, hapo usibahatishe. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu huku ikipigwa na moshi wa moto, na oili ndiyo inayoipoza. Oili ya kawaida huungua humo ikaganda. Magari ya Ulaya, yaani Volkswagen, Mercedes na BMW, yana namba zao za viwango zinazopaswa kuonekana kwenye mtungi. Nayo Demio ya dizeli inahitaji oili isiyo na majivu mengi, la sivyo kile kichujio cha moshi kinaziba, na bei yake itakutoa machozi.

Upande wa pili, kama una Probox au Fielder ya zamani ambayo kitabu chake kinakubali 5W-30 au 10W-30, wewe una hiari ya kweli. Oili nzuri ya kawaida, ya uzito sahihi, ikibadilishwa kila kilomita 5,000, italitunza gari hilo miaka mingi.

Ila hakikisha ni nzuri kweli. Nyuma ya mtungi tafuta alama ya API na herufi mbili. Kwa injini za petroli huanza na S, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele kwenye alfabeti, ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ilianza mwaka wa 2010, na SP mwaka wa 2020. Ukiona SF, rudisha mtungi rafuni: hicho ni kiwango ambacho API yenyewe inasema hakifai kwa injini nyingi zilizotengenezwa baada ya 1988. Mitungi hiyo bado iko madukani, imeng’arishwa rangi ya dhahabu na picha ya gari la mashindano.

Sasa tuje kwa pesa

Chukua kalamu. Bei hizi ni za mfano, wewe weka za gereji yako.

Tuseme lita nne za oili ya kawaida ni Sh2,400, filta Sh600 na kazi ya fundi Sh500. Jumla Sh3,500. Sintetiki ni Sh5,200, filta na fundi vile vile. Jumla Sh6,300.

Tuseme pia unaendesha kilomita 20,000 kwa mwaka: kazini na kurudi, wikendi mbili tatu, na ile safari ya ushago Desemba.

Kwa oili ya kawaida kila kilomita 5,000, utafanya sevisi mara nne. Hiyo ni Sh14,000 kwa mwaka.

Kwa sintetiki kila kilomita 10,000, utafanya mara mbili. Hiyo ni Sh12,600. Umeona? Ile “ghali” imekuokolea Sh1,400.

Kwa sintetiki kila kilomita 7,500, ni wastani wa Sh16,800 kwa mwaka. Umeongeza Sh2,800, yaani kama Sh233 kwa mwezi. Hiyo ni sahani moja ya chipsi na kuku.

Lakini kwa sintetiki kila kilomita 5,000, ni Sh25,200. Umeongeza Sh11,200. Na hapa ndipo wengi wetu tulipo! Tunalipa bei ya oili ya safari ndefu, kisha fundi anabandika kile kikaratasi cha “sevisi ijayo” kwa mazoea yale yale ya kilomita 5,000. Oili inamwagwa ikiwa bado na nguvu, na nusu ya pesa zako inaingia kwenye debe la oili chafu.

Kuna njia rahisi ya kujua mahali pa kurudisha pesa zako. Gawanya gharama ya sevisi ya sintetiki kwa gharama ya sevisi ya kawaida, kisha zidisha kwa 5,000. Kwa mfano wetu, 6,300 gawanya kwa 3,500 ni 1.8, na hiyo ni kilomita 9,000. Ukiibadilisha kabla ya hapo unalipia ulinzi wa ziada. Ukiibadilisha baada ya hapo unaokoa pesa. Yote mawili yanaweza kuwa sawa, mradi ujue unalolifanya.

Kama gari ndiyo kazi yako, unabeba abiria wa programu za texi, hesabu inabadilika. Tuseme unafanya kilomita 60,000 kwa mwaka. Oili ya kawaida ni sevisi 12, Sh42,000. Sintetiki kila kilomita 7,500 ni sevisi nane, Sh50,400. Pengo ni Sh8,400. Lakini kila ukienda gereji unapoteza nusu siku. Ikiwa nusu siku kwako ni Sh1,500 mkononi, zile safari nne za gereji ulizoepuka ni Sh6,000. Pengo limebaki Sh2,400 kwa mwaka mzima, na injini inayokulisha imekaa na oili bora.

Jam haionekani kwenye mita

Mbona basi nisikuambie uende kilomita 10,000 moja kwa moja? Kwa sababu ya jam.

Mita ya gari inahesabu kilomita. Haihesabu saa. Ukiwa umekwama Jogoo Road au Mombasa Road saa kumi na mbili jioni, namba haisongi lakini injini inawaka, inachemka, na oili inazunguka. Dereva anayekwenda kwa wastani wa kilomita 10 kwa saa atachukua saa 500 kumaliza kilomita 5,000. Anayekwenda Nakuru na kurudi kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa atamaliza umbali huo huo kwa saa 62 na nusu. Kikaratasi kwenye kioo kinasema wako sawa. Oili zao haziko sawa hata kidogo.

Watengenezaji wanalijua hili. Toyota, kule kwao Japan, inaruhusu magari ya petroli yasiyo na turbo yaende kilomita 15,000 au mwaka mmoja kabla ya kubadilisha oili. Lakini kwa matumizi magumu inakata kabisa hadi nusu: kilomita 7,500 au miezi sita. Matumizi magumu ni yapi? Barabara mbovu na za vumbi, safari fupi fupi nyingi, na kwenda polepole au kusimama injini ikiunguruma. Kwa maneno mengine, wametaja maisha yako ya Jumatatu hadi Ijumaa.

Safari fupi zina ubaya wake. Kama unawasha gari Donholm, unaenda duka lililo kilomita mbili na kulizima, injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu na petroli kidogo inayoingia kwenye oili. Ukifanya hivyo kila siku, oili inachoka ingawa mita haijasonga. Ndiyo maana miezi nayo ina maana. Usiseme “sijafikisha kilomita” kama mwaka umepita.

Kwa hivyo kwa mkazi wa mjini ambaye kitabu cha gari lake kinakubali, mimi ningesema sintetiki ya uzito sahihi, kila kilomita 7,500 au miezi sita, kinachotangulia. Ni hizo Sh233 kwa mwezi. Na kama gari ndilo kwanza umelinunua, sevisi ya kwanza ifanye mapema, kabla hata ya kilomita 5,000. Hujui aliyekutangulia aliliwekea nini, na ile namba ya mita nayo tunajua inavyoweza kurudishwa nyuma.

Sintetiki si hirizi

Nina rafiki aliyekuwa akiendesha texi ya programu hapa Nairobi, gari la mkopo wa kulipa kila wiki. Alipoanza kupata pesa nzuri, akasema gari lake sasa litakunywa sintetiki tu. Fundi akamwambia, “Hii inaenda elfu kumi bila shida.” Yeye akasikia “bila kuangalia”.

Injini yake ilikuwa inakula oili kidogo kidogo, kama injini nyingi zilizotembea. Si moshi wa kutisha, ni ule wa samawati unaouona asubuhi ukadhani ni baridi. Tuseme inapoteza lita 0.4 kila kilomita 1,000. Injini ndogo kama ile inabeba lita tatu na kitu. Piga hesabu: kilomita 6,000 zilipofika, zaidi ya lita mbili zilikuwa zimekwenda na upepo. Hakuwahi kuvuta kijiti hata mara moja.

Taa nyekundu ya oili iliwaka akiwa na abiria Mombasa Road. Akasema atamfikisha abiria kwanza, kisha apite petroli stesheni. Hakufika. Kuligongwa ndani kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, kisha kimya.

Alinunua injini ya mtumba kwa mkopo juu ya mkopo, na akakaa wiki tatu bila kazi huku malipo ya kila wiki yakimsubiri. Mpaka leo anasema sintetiki ilimwangusha. Ukweli ni kwamba oili ya Sh2,400 ikiwa imejaa ingemlinda kuliko ya Sh5,200 iliyobaki lita moja.

Nakusimulia ili ukumbuke mambo mawili. Kwanza, vuta kijiti cha oili kila baada ya wiki moja au mbili, gari likiwa limesimama mahali tambarare na injini imepoa. Ni bure. Pili, ile taa nyekundu haikuambii oili inapungua. Inakuambia presha ya oili imeisha sasa hivi. Ikiwaka, sogea kando na uzime. Abiria atakuelewa, na asipokuelewa, nyota moja ni bei nafuu kuliko injini.

Na kama gari lako tayari linakula oili sana, usikimbilie sintetiki nyepesi na ghali. Itaungua kama nyingine. Tafuta kwanza inakotokea, na wakati huo weka oili nzuri ya uzito ambao kitabu kinakubali, ukiongeza kila inapopungua. Vivyo hivyo kwa filta ya hewa iliyochakaa. Vumbi likipita hapo likaingia kwenye oili, ni kama msasa, na oili ghali haiwezi kulitema.

Na je, ni yenyewe?

Hesabu zote tulizopiga zinakufa kama kilicho ndani ya mtungi ni bandia. Na hapa ndipo mwenye kununua ghali anapoumia zaidi, kwa sababu anayeghushi naye anapenda chapa yenye bei.

Mbinu ni rahisi. Mtungi mtupu wenye lebo safi unaachwa gerejini. Mtu anaupitia, anaununua kwa bei ya chini, unajazwa oili ya bei rahisi au iliyokwisha tumika ikachujwa, kisha unafungwa upya.

Kwa hivyo nunua oili mwenyewe, kwenye duka la wakala wa kampuni au kituo cha mafuta unachokiamini, na uombe risiti. Angalia kama ile pete ya kifuniko imewahi kukatika. Linganisha namba ya toleo kwenye mtungi na iliyo kwenye katoni. Angalia alama ya ubora ya KEBS. Unaweza kutuma neno SM#, ikifuatwa na namba iliyo chini ya alama hiyo, kwenda 20023 ili uithibitishe. Bei ikiwa chini sana ya maduka mengine yote, usijione mjanja, jiulize kwa nini.

Kisha simama karibu fundi akimwaga. Akimaliza, toboa mtungi mtupu kwa bisibisi au uende nao. Fundi mwaminifu hatakasirika. Na oili chafu isimwagwe kwenye mtaro. Ukoo wa mtaro huo unaishia mtoni.

Mwenye pikipiki, usinakili ya gari

Kama usafiri wako ni bodaboda, kuna mtego mwingine. Kwenye pikipiki nyingi za mtaani, oili ya injini ndiyo hiyo hiyo inayolowesha klachi. Sintetiki nyepesi za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Ukiiweka, unapandisha mlima na abiria wawili, injini inapiga kelele na pikipiki haiendi.

Tafuta mtungi ulioandikwa JASO MA au MA2. Kwa pikipiki ndogo zinazopozwa kwa upepo, ambazo nyingi zimeagizwa na watengenezaji zitumie 20W-50, oili nzuri ya kawaida inatosha. Inabeba lita moja na kitu tu, kwa hivyo kuibadilisha mapema ni bei nafuu kuliko kununua ghali na kuichelewesha.

Uvumi wa gereji

Utaambiwa ukishaweka sintetiki huwezi kurudi nyuma. Si kweli. Oili za injini zenye kibali cha API lazima ziweze kuchanganyika bila kudhuriana. Ukikwama barabarani Voi na kijiti kinaonyesha chini, ongeza uliyoipata ya uzito unaokaribiana, utarekebisha baadaye.

Utaambiwa sintetiki inaleta kuvuja. Mara nyingi, raba ilikuwa imeshachakaa na ukoko ndio uliokuwa umeziba. Oili mpya imesafisha ukoko, tundu likaonekana.

Utaambiwa oili ikiwa nyeusi imekufa. Oili inakuwa nyeusi kwa sababu inabeba uchafu badala ya kuuacha kwenye vyuma. Ya dizeli huwa nyeusi karibu mara tu unapowasha. Rangi peke yake haisemi kitu.

Sasa turudi gereji, Jumamosi ile. Fundi anauliza, “Boss, tuweke gani?” Usimwangalie usoni wala usiangalie M-Pesa. Soma kifuniko. Kama kimeandika 0W-20, au gari lina turbo, lipa sintetiki bila kinyongo. Kama kinakubali oili ya kawaida na unajijua utabadilisha kila 5,000 hata iweje, chukua ya kawaida yenye SN au SP na hizo Sh2,800 zilizobaki ziweke akiba ya tairi. Kama unachukua sintetiki, mwambie aandike kwenye kikaratasi kilomita ulizoamua wewe, si za mazoea yake.

Halafu kesho asubuhi kabla hujaliwasha, vuta kijiti uangalie. Tangu ulinunue hilo gari, umekivuta mara ngapi?